Aby Warburg na ujirani mwema wa vitabu

Kwa miaka mingi ya ukutubi, nilimpa msomaji kitabu alichokiomba nikaona kazi imekwisha. Aliyenibadilisha ni mwanahistoria wa sanaa, Aby Warburg. Siku hizi humwambia msomaji atazame pia vitabu vilivyo kushoto na kulia kwa hicho alichokifuata.

Warburg alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1866, kifungua mimba wa familia ya Kiyahudi yenye benki. Nyumbani kwao husimuliwa kwamba akiwa na miaka 13 alimwachia mdogo wake Max urithi wa benki, kwa sharti kwamba Max amnunulie kila kitabu atakachokitaka. Max akakubali, na vitabu vikanunuliwa kwa maelfu.

Tasnifu yake kuhusu michoro ya Botticelli, msanii wa Italia, ilichapwa 1893. Wengine walisifu utulivu wa michoro ile. Yeye alikodolea macho nywele na nguo zinazopeperuka. Mchoraji wa Florence wa karne ya 15 alizitoa wapi? Akazifuata kwa washairi wa zama zile, kisha hadi sanaa ya kale ya Wagiriki na Warumi. Tangu hapo alitafiti jinsi mkao wa mwili unavyosafiri karne kwa karne na hisia zake, pengine ukigeuzwa maana njiani. Safari ya namna hiyo huwezi kuifuata kwa picha tupu. Utahitaji unajimu, ibada, tiba, ushairi, hata stempu za posta.

Basi vitabu vyake havikufuata alfabeti. Vilifuata kanuni aliyoiita ya ujirani mwema: kitabu unachokijua ndicho unachokijia, lakini chenye jibu lako mara nyingi ni jirani yake usiyemjua. Wazo lake lilipobadilika, vitabu navyo vilihama. Mkutubi yeyote anajua uzito wa jambo hilo, na mimi naliheshimu sana: rafu zake zilikuwa hoja, hata pale ambapo yeye mwenyewe aliandika kidogo.

Mwaka 1918 alipatwa na ugonjwa wa akili. Mwaka 1923, akiwa hospitalini Kreuzlingen, Uswisi, alitoa mhadhara juu ya ibada ya nyoka ya Wahopi, wenyeji wa asili wa Marekani, ili kuonyesha kwamba anaweza tena kufanya kazi. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani, akaanza kubandika picha kwenye mbao zenye kitambaa cheusi, za kale kando ya za magazeti. Alipofariki 1929, kazi hiyo ilikuwa haijakamilika.

Wanazi waliposhika madaraka, wenzake Fritz Saxl na Gertrud Bing waliokoa maktaba. Desemba 1933 vitabu vipatavyo 60,000 vilipakiwa katika meli mbili ndogo kwenda London. Tangu 1944 maktaba ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London, na mpangilio wake bado una mafungu manne: Picha, Neno, Mwelekeo, Tendo. Rafu ziko wazi. Msomaji hupita katikati yake na kuchukua kitabu kwa mkono wake.