Cheni nzito ya bodaboda na uimara wake

Madukani Tabora, mteja huipima cheni ya bodaboda mkononi: nzito ndiyo imara, nyepesi ni feki. Imani hii ina chembe ya ukweli, maana chuma chembamba mno hukatika. Lakini uzito hauonyeshi kama chuma kimekazwa kwa moto, na hapo ndipo uimara ulipo.

Kwanza hakikisha ukubwa: tazama namba iliyogongwa kwenye pingili. Cheni ya 428 ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Pima pingili kumi kwa rula, upate milimita 127. Kwa sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, omba ruhusa uguse jino kwa tupa (wengine watakataa, si kosa lao). Tupa ikiteleza, jino ni gumu. Iking'ata kirahisi, ni laini, hata sproketi iwe nzito vipi.