"Kaa Kando": Uteuzi wa Juri katika Ireland ya Karne ya 19

Juri ya Ireland ilikuwa ya raia 12 walioamua wenyewe kama mshtakiwa ana hatia au hana. Hawakuwa kama wazee wa baraza waliozoeleka katika mahakama za Tanzania, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Ndiyo maana aliyeweza kuwapanga hao 12 alikuwa ameishika hukumu kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa.

Ireland wakati huo ilitawaliwa na Uingereza, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1305 ilikataza upande wa Mfalme, yaani serikali iliyoshtaki, kumkataa mjumbe wa juri bila kutoa sababu. Mawakili wa serikali walipata mwanya: hawakumkataa mtu, walimtaka tu akae kando, na hawakudaiwa sababu yoyote mpaka majina yote ya orodha yawe yamekwisha kuitwa. Orodha ikiwa ndefu, siku ya kutoa sababu haikufika kamwe. Mshtakiwa wa kosa kubwa naye aliweza kuwakataa watu bila maelezo, lakini idadi yake ilikuwa na kikomo.

Kesi ya mwaka 1844 ya Daniel O'Connell, mwanasiasa Mkatoliki katika Ireland yenye Wakatoliki wengi, ya kula njama, ilipita njia nyingine. Kwa juri maalumu, yaani ya watu wenye mali na hadhi, majina 48 yalitolewa kwa kura ya bahati, kisha kila upande ukafuta 12. Kumbe baadhi ya majina hayakuwemo katika orodha tangu mwanzo, na Wakatoliki waliotokea kwenye kura wakafutwa na serikali, hata mtetezi mkuu wa Wakatoliki akahukumiwa na Waprotestanti watupu. Septemba mwaka huohuo Bunge la Mabwana jijini London, lililokuwa mahakama ya juu ya rufaa, lilitengua hukumu, na Lord Denman, mmoja wa majaji wake, akaonya kwamba kwa mwenendo huo kesi ya juri ingegeuka dhihaka, udanganyifu na mtego.

Sheria ya mwaka 1871, ya Lord O'Hagan, ilimnyang'anya sherifu, ofisa aliyeandaa orodha ya juri, uhuru wa kuchagua majina. Haikugusa "kaa kando". Wakati wa migogoro ya ardhi kati ya wapangaji na wamiliki, wakili wa serikali Peter O'Brien, Mkatoliki mwenyewe, aliitumia mno hata wapinzani wakambandika jina la Peter Mpanga Juri. Mwaka 1889 akawa Jaji Mkuu. Watetezi wa utaratibu huo walisema waliowekwa kando ni wale waliotishwa na majirani au waliowaunga mkono washtakiwa. Hoja hiyo haikuwa tupu, kwani vitisho vilikuwepo kweli. Ila, kwa kuwa sababu haikutamkwa mahakamani, hapakuwa na namna ya kumtofautisha aliyeondolewa kwa woga wake na aliyeondolewa kwa dini yake.