Je, wajua? Neno la Kifaransa la sketi lilianza kama juba

Ukienda kwa fundi cherehani Kigali au Bujumbura ukataka sketi, utasikia inaitwa ijipo. Kwa miaka mingi nilikuwa naamini historia ya neno hili ni fupi tu, yaani Wafaransa walikuwa na jupe yao, Wabelgiji wakaja na Kifaransa, watu wakaligeuza likakaa vizuri mdomoni, basi kwisha. Nilikosea, tena mara mbili.

Kwanza, asili yake si Ufaransa. Jupe limetokana na jubba la Kiarabu, lile lile ambalo pwani tunaliita juba, vazi refu la kuvaa juu ya kanzu. Waarabu walitawala kisiwa cha Sisili, Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, wakaja kuteka mji wake mkuu, Palermo, mwaka 1072, na inaelekea neno lilipita huko huko kusini mwa Italia ndo likaingia Kifaransa kwenye karne ya 12. Kwa hiyo juba na ijipo ni ndugu wa damu, mmoja kaja moja kwa moja na Waarabu, mwingine kazunguka Ulaya yote kabla ya kufika huku kwetu.

Pili, nilidhani ni neno la kike tangu mwanzo, kumbe wanaume walikuwa wanavaa mpaka vitani! Kwenye kanisa kuu la Canterbury, Uingereza, bado ipo jupon (koti la vitani, jina lililozaliwa na jupe) ya mwanamfalme Edward aliyefariki 1376, ni velveti nyekundu na bluu, imejazwa pamba ikashonwa mistari mistari.

Sasa ikawaje sketi? Chukua gauni refu ulikate kiunoni. Kipande cha juu kikapewa jina jipya, cha chini kikabaki na lile la zamani. Ni kama shamba la babu, likigawanywa, kipande kimoja tu ndo watu wanaendelea kukiita kwa babu, hata kama ni kidogo. Ila si kila mahali kilichobaki na jina ni cha chini. Kwa Wajerumani Joppe ni koti, kwa Warusi yubka ni sketi. Wajapani ndo wamenishangaza zaidi, maana wao wamelipata mara mbili: kwa Wareno wakapata juban, nguo ya ndani ya kimono, halafu wengi wanasema jupon ya Wafaransa ndo iliyowapa zubon, na zubon ni suruali.