Soma barua ya ajira ya Bengaluru mpaka ukurasa wa mwisho

Kila msimu wa ajira za vyuoni ukifika, wadogo zangu wanaosoma Pune na Bengaluru huniuliza swali moja: "Kaka, nimepewa laki nane kwa mwaka. Ni nzuri?" Huwa sijibu mpaka nione barua yote. Laki nane za rupia ni namba ya ukurasa wa kwanza, wakati mambo yanayomtawala kijana anayeandika programu India yako kwenye kurasa za nyuma, zile ambazo wengi husaini bila kuzisoma.

Mimi ni mtoto wa Upanga, Dar es Salaam, wa ukoo uliotoka Kutch, magharibi mwa India. Nilisomea Pune, na sasa naandika programu za mifumo ya malipo hapa Bengaluru. Huwa nakaa pia kwenye jopo la usaili. Barua hizi nimezipokea na nimeshiriki kuzitoa, na naamini kijana yeyote, awe wa Kihindi au wa kwetu, angeishi kwa utulivu zaidi kama angezielewa kabla ya kutia saini.

Ile namba ya kwanza inaitwa CTC, maana yake gharama yote ambayo mwajiri anasema utamgharimu kwa mwaka. Si mshahara. Tuifumue hiyo laki nane. Tuseme mshahara wa msingi ni nusu yake, laki nne. Mwajiri anachangia 12% ya msingi kwenye PF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ambayo ni rupia 48,000. Mchango huo unaitwa wa mwajiri, lakini ameshauhesabu ndani ya laki nane zako. Halafu kuna kiinua mgongo. Sheria inampa mfanyakazi malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia, mwezi ukihesabiwa siku 26, na ukipiga hesabu inakuja 4.81% ya msingi, rupia 19,240. Nayo imo humo humo, ingawa mwajiriwa wa kudumu kwa kawaida huipata akishatimiza miaka mitano, na vijana wengi wa fani hii hawakai sehemu moja muda huo. Weka bonasi ya utendaji ya 10%, rupia 80,000, na bima ya afya, tuseme 12,000.

Vitoe vyote hivyo. Zinabaki 640,760 kwa mwaka, sawa na 53,397 kwa mwezi. Toa mchango wako mwenyewe wa PF, 4,000, na kodi ya kitaaluma ya jimbo la Karnataka, 200. Kodi ya mapato kwa kiwango hiki haipo, kwa sababu kuanzia mwaka wa fedha 2025/26 mfumo mpya unamsamehe mwenye kipato kisichozidi laki 12. Mkononi zinaingia 49,197. Aliyechukua laki nane akagawa kwa 12 alikuwa anasubiri 66,667, na huenda ameshamwahidi mama yake kitu kwa hesabu hiyo.

PF sina ugomvi nayo. Ni akiba yako, inakuzalia riba, na siku ya shida utaishukuru. Kinachoniudhi ni bonasi kupachikwa ndani ya CTC kana kwamba imeshapatikana, wakati kuilipa kunategemea faida ya kampuni, alama za meneja na hali ya mteja aliyeko ng'ambo. Kwangu mimi, bonasi isingehesabika mpaka iingie benki.

Na hao wa laki nane ni wenye bahati. Kampuni kubwa za huduma za programu, zile zinazoajiri wahitimu kwa maelfu, kwa zaidi ya miaka kumi zimekuwa zikimwanzishia mhitimu kwenye laki tatu na nusu hivi kwa mwaka. Kodi za nyumba zimepanda, nauli zimepanda, namba hiyo imesogea kidogo sana.

Sasa zile 49,197 zina wenyewe. Wengi wamesoma kwa mkopo wa benki, na mkopo wa elimu wa hadi laki 7.5 unaweza kutolewa bila kuweka mali rehani kwa sababu kuna mfuko wa serikali unaoudhamini. Kwa mkopo wa laki sita, riba ya 10%, miaka kumi, marejesho ni karibu 7,900 kila mwezi. Kuna pesa ya nyumbani, ambayo kwa kijana wa Kihindi haina mjadala, kama ilivyo kwetu. Kuna kitanda kwenye PG, hosteli za watu binafsi ambamo wawili au watatu hulala chumba kimoja na chakula kinapikwa chini. Anayetaka kupanga nyumba yake hukutana na amana. Zamani Bengaluru ilikuwa kodi ya miezi kumi, siku hizi mitano au sita ndiyo ya kawaida. Sisi wa Dar tumezoea kulipa kodi ya miezi sita mbele, lakini hii ni tofauti: amana inakaa kwa mwenye nyumba, na kodi unaanza kuilipa mwezi huo huo wa kwanza.

Haya yote bado ni pesa, na pesa angalau unaiona. Kipengele kinachoendesha maisha ya vijana hawa kuliko kingine chochote ni notisi ya siku 90.

Ukitaka kuacha kazi kwenye kampuni nyingi kubwa za programu India, unatoa notisi ya miezi mitatu. Sababu ya mwajiri inaeleweka. Kampuni ya huduma humtoza mteja kwa kichwa: mhandisi fulani, saa kadhaa, dola kadhaa. Akiondoka kesho, kiti kinabaki kitupu na ankara inapungua. Siku 90 zinampa mwajiri nafasi ya kumtafuta mwingine na kumrithisha kazi. Tatizo ni kwamba kampuni inayomchukua kijana huyo nayo ina mradi unaoungua leo. Kwa hiyo kila tangazo la kazi linaandika kwamba anayeweza kuanza mara moja atapewa kipaumbele. Atapatikana wapi, wakati soko zima limefungwa miezi mitatu?

Vijana wamelijibu hilo kwa njia mbili. Wapo wanaoacha kazi bila ofa yoyote mkononi, ili ikifika siku ya 60 waonekane wako karibu kupatikana. Ni ujasiri wa kutisha kwa mtu mwenye mkopo. Wengine, ambao ndio wengi, huchukua ofa ya kwanza, kisha hutumia zile siku 90 kutafuta ya pili, na ya tatu, kila moja ikipandisha iliyotangulia. Nyongeza ya mwaka kwa anayebaki kwenye kiti chake mara nyingi haifiki 10%. Anayehama anaweza kupata 30 au zaidi. Nendeni kwenye vibanda vya chai nje ya mageti ya ofisi za Whitefield, hapa Bengaluru, saa kumi jioni mkasikilize. Vijana wamesimama na vikombe vidogo, na habari kubwa ni nani kahama kwa asilimia ngapi. Hawaoneani haya kutajiana mishahara, na hiyo ni tabia ningependa ituambukize.

Matokeo yake nayaona kila mara tunapoajiri. Jumatatu ya kupokea wageni, HR, idara ya rasilimali watu, hupanga laptopu mezani, kila moja na kibandiko cha jina na begi jipya la kampuni. Ikifika saa tano, baadhi ya laptopu bado zimefungwa. Ukipiga, simu haipokelewi. Kijana ameenda kwingine, kwa ofa aliyoipata siku ya 85. Waajiri nao wamejifunza kutoa ofa nyingi kuliko nafasi walizo nazo, na siku wakifika wengi kuliko ilivyotarajiwa, kuna atakayeambiwa tarehe yake ya kuanza imesogezwa. Pande zote mbili hulaumiana kwamba hakuna uaminifu. Mimi naona chanzo ni kile kipengele. Ukimpa mtu miezi mitatu ya kusubiri huku bei yake inapanda kila wiki, ataendelea kuuza.

Kutoroka nako haiwezekani. Mwajiri mpya anataka barua ya kuachiliwa kutoka kwa wa zamani, na hata bila barua hiyo kuna UAN, namba ya tarakimu 12 ya mfuko wa akiba inayomfuata mfanyakazi kazi hadi kazi. Michango iliyoingia humo inaonyesha ulikuwa wapi mwezi upi. Septemba 2022 mwenyekiti wa kampuni ya programu ya Wipro, Rishad Premji, alisema kampuni yake imewaachisha kazi watu 300 iliowakuta wanawafanyia kazi washindani kwa wakati mmoja. Tangu hapo kila kijana anajua kwamba kumbukumbu zinaonekana.

Kuna pia bondi, ahadi ya kukaa muda fulani au kulipa. Wengi huiona ni vitisho vya karatasi tu. Wasiione hivyo. Mei 2025 Mahakama ya Juu kabisa ya India, katika shauri la Vijaya Bank, ilikubali kipengele cha kumtaka mwajiriwa akae miaka mitatu au alipe laki mbili. Ile ilikuwa benki ya umma, na mahakama ilizingatia gharama zake za kuajiri upya, kwa hiyo sisemi kila bondi itasimama. Nasema isomwe kabla.

Na kuna saa. India iko mbele ya Dar kwa saa mbili na nusu, na haibadilishi saa zake mwaka mzima. Marekani inabadilisha. Kikao cha New York cha saa tatu asubuhi huangukia saa 12:30 jioni hapa Bengaluru majira yao ya joto, na saa 1:30 usiku majira ya baridi. Jumapili moja ya Novemba mtu wa New York anarudisha saa yake nyuma, na kijana wa Bengaluru anapoteza chakula cha jioni na wenzake mpaka Machi. Barua ya ajira huliweka hili kwa maneno mepesi: "zamu kulingana na mahitaji ya biashara."

Kwa wasichana kikao hicho kina mwendelezo. Kampuni hutakiwa kumpeleka nyumbani kwa gari, na utaratibu uliozoeleka ni kwamba msichana asiwe abiria wa mwisho kushushwa bila mlinzi ndani. Gari hubadilisha njia, likamzungusha mlinzi au mwanamume hadi mwisho. Akishashuka, dereva husubiri na taa zimewaka mpaka geti lifungwe, naye huthibitisha kwenye simu kwamba ameingia salama. Mwenzangu mmoja huongeza karibu saa nzima kwenye siku yake kwa mizunguko hiyo, na hakuna mahali inapohesabiwa kuwa kazi. Wanaokwenda Electronics City, eneo jingine la ofisi hizi, angalau wamepata nafuu: tarehe 10 Agosti 2025 reli ya metro ya njia ya njano ilifunguliwa, na mtu anaweza kuikwepa foleni ya makutano ya Silk Board. Wa ofisi za barabara ya mzunguko, Outer Ring Road, bado wanakaa kwenye magari.

Ndiyo maana nilichukizwa sana Oktoba 2023, Narayana Murthy, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya programu ya Infosys, aliposema vijana wa India wafanye kazi saa 70 kwa wiki. Namheshimu kwa alichokijenga pamoja na wenzake tangu 1981. Lakini hesabu saa za ofisini, vikao vya usiku na barabara, uone kijana anabakiwa na nini. Mwaka uliofuata serikali ya Karnataka ilijadili pendekezo la kuruhusu siku ya kazi ya saa 14 kwenye sekta hii, na chama cha wafanyakazi wa IT cha jimbo, KITU, kikaingia barabarani kulipinga. Wenzangu wengi hawajajiunga na chama. Wanaona vyama ni vya watu wa viwandani. Nadhani kampuni kubwa ya programu ya TCS ilipotangaza Julai 2025 kwamba itapunguza takriban watu 12,000, baadhi yao walianza kufikiri upya.

Kwetu sheria ina kiwango cha kuanzia. Tanzania, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na Kenya sheria ya ajira ya 2007 inasema siku 28 vilevile. Mkataba unaweza kuandika zaidi, na ukishasaini zaidi, zaidi ndiyo inayokubana. Kwa hiyo anayepata ofa, iwe ya Bengaluru au ya kampuni ya Westlands, Nairobi, inayoandika mikataba kwa mtindo wa Bengaluru, aanze na sentensi ya kununua notisi, yaani kulipa pesa badala ya kuzitumikia siku za notisi zilizobaki. Siku hizo zinalipwa kwa mshahara wa msingi au kwa mshahara wote? Tofauti inaweza kuwa nusu. Na je, kununua ni haki yako, au kunafanyika "kwa idhini ya kampuni"? Ukiyakuta maneno hayo manne, omba yafutwe kabla ya kusaini. Kwenye jopo tumeshakubali mara kadhaa, kwa sababu wakati huo tunakuhitaji. Ukiomba baada ya kusaini, barua pepe yako itasomwa siku utakayotaka kuondoka, na atakayeisoma ni yule anayetaka ubaki.