Je, Wajua? Kwa Nini Kuitazama Dohani ya Lubumbashi Tayari ni Kuitafsiri

Ukiwa Lubumbashi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inua macho tu utaiona: dohani ndefu ya kiwanda cha shaba, na kando yake kilima cheusi cha masalia ya mawe yaliyoyeyushwa. Mtoto akimuuliza babu yake, “Nkambo, ile ni nini?”, mzee anaweza kumjibu kwa neno moja, au akaanza kusimulia mpaka giza likaingia. Nimeichagua dohani hiyo kwa sababu inanisaidia kujibu swali linalowasumbua wengi wanaoanza kusoma falsafa: fenomenolojia na hemenitiki zinahusianaje, hata zikawa zinatajwa pamoja kila mara?

Fenomenolojia tunayoizungumzia ilianzishwa na Edmund Husserl, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1859 na kusomea hesabu kabla ya falsafa. Wito wake ulikuwa mfupi: turudi kwenye vitu vyenyewe. Kabla hujaleta nadharia ya fizikia au ya uchumi, eleza kwanza jinsi kitu kinavyojitokeza kwako. Haya, tuitazame dohani. Pale uliposimama unaona upande mmoja tu, ule mwingine umefichika. Hata hivyo hakuna anayesema, “Naona nusu ya dohani.” Unaiona dohani nzima, kwa kuwa fahamu yako tayari inautarajia ule upande usioonekana, na ukizunguka utaukuta. Husserl alitumia maisha yake kuchunguza mambo ya namna hii, na kadiri ninavyomsoma ndivyo ninavyostaajabu ni mangapi tunayapita bila kuyaona.

Hemenitiki ni ya zamani zaidi, na haikuanza na vitu bali na maandishi. Ilikuwa ustadi wa kufasiri Biblia, sheria na vitabu vya kale. Friedrich Schleiermacher (1768–1834) aliipanua ikawa sanaa ya kuelewa usemi wowote ule, kisha Wilhelm Dilthey (1833–1911) akaifanya msingi wa taaluma zinazomchunguza binadamu na historia yake. Mpaka hapo njia hizo mbili hazikuwa zimekutana sawasawa: moja inatazama vitu, nyingine inasoma maandishi.

Zilikutana mwaka 1927, katika kitabu ambacho Martin Heidegger alimtunukia Husserl mwenyewe, mwalimu wake. Heidegger alisema jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulijaribu barabarani. Hatusikii kwanza kelele tupu, halafu tukaamua kwamba ni pikipiki. Tunasikia pikipiki moja kwa moja. Kusikia sauti tupu, isiyo ya kitu chochote, ndiko kunakohitaji juhudi ya pekee.

Sasa irudie dohani. Hakuna mkazi wa Lubumbashi anayeona kwanza nguzo isiyo na maana, kisha akaibandika maana. Mzee aliyefanya kazi kiwandani anaona mshahara na posho, ule mgao wa chakula uliolisha nyumba yake. Mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioacha kazi katika kampuni ya madini ya serikali kuanzia mwaka 2003, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, anaona mlango uliofungwa. Kijana anayechimba madini kwa mikono anaona alama ya mji wake na zama ambazo hakuziishi. Kwa hiyo ukitaka kueleza kwa uaminifu kile kinachojitokeza, inakubidi ueleze kinajitokeza kama nini. Hilo neno dogo “kama” ndilo hemenitiki yote. Tafsiri haiji baada ya kuona. Imo ndani ya kuona kwenyewe. Ndiyo maana Heidegger aliandika kwamba fenomenolojia ya binadamu, kwa umbile lake, ni kazi ya kutafsiri.

Mwanafunzi wake, Hans-Georg Gadamer, aliendeleza wazo hilo mwaka 1960: mawazo tuliyorithi kabla ya kuelewa si uchafu wa kusafishwa wote, kwa maana bila hayo tusingeelewa lolote. Babu na mjukuu wana upeo tofauti wa kuyaona mambo, na kuelewana ni pale upeo wa mmoja unapogusana na wa mwingine.

Je, basi Husserl alishindwa? Hapana, na hapa nasimama na Paul Ricoeur. Mfaransa huyu alikuwa mateka wa vita mikononi mwa Wajerumani, 1940 hadi 1945, na humo kambini akaanza kutafsiri kitabu cha Husserl kwa Kifaransa, akiandika pambizoni mwa kurasa kwa kukosa karatasi. Tafsiri ilitoka mwaka 1950. Baadaye alisema hemenitiki imepandikizwa kwenye fenomenolojia, kama mkulima anavyopandikiza kikonyo cha mwembe mmoja kwenye shina la mwingine. Kila moja inaitegemea nyenzake. Bila tafsiri, hatujui kitu kinajitokeza kama nini. Bila kurudi kwenye kile kinachojitokeza, tafsiri inabaki maneno juu ya maneno. Mzee, mfanyakazi aliyeondoka na kijana mchimbaji wanabishana, lakini wanabishana juu ya dohani moja.

Ricoeur alichagua pia njia ndefu: badala ya kujiuliza “mimi ni nani” moja kwa moja, tupitie alama, hadithi na maandishi ambamo binadamu amejieleza. Njia hiyo iliwavutia wanafalsafa wa Kongo. Mwaka 1979 Nkombe Oleko alichapisha uchunguzi wa methali za Watetela, akizisoma kama mahali ambapo fikra huzaliwa, si pambo la mazungumzo.

Lubumbashi yenyewe ilikuwa na neno kwa jambo hili la kuona kunakobeba maana. Miaka ya 1970 familia nyingi za mjini zilitundika sebuleni picha zilizochorwa na wachoraji wa mtaani: mamba muntu (nguva, nusu mwanamke nusu samaki), au mtu aliyezingirwa na simba, nyoka na mamba, au askari wa enzi ya Wabelgiji akisimamia mfungwa anayechapwa viboko. Watafiti Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walipouliza picha hizo ni za nini, jibu lilikuwa neno moja la Kiswahili: ukumbusho. Picha ya viboko haikuwekwa ukutani ili ipendeze. Mgeni aliketi, akaitazama, na mwenye nyumba akaanza kusimulia.