Jina Likisomwa Hadharani

Kwenye harambee, msomaji wa bahasha akishatangaza jina na kiasi, makofi hupigwa, kisha macho humgeukia anayefuata. Mama aliyekunja noti ya mia mbili kiganjani huirudisha mkobani, akatoa ya mia tano. Hajalazimishwa na mtu. Ila jina lake litasomwa, na jirani anasikia.

Kwa nguvu hiyo Kenya imejenga shule na zahanati nyingi tangu Jomo Kenyatta alipoifanya harambee wito wa taifa mwaka 1963. Hata California, watafiti walipowaomba wakazi wajiunge na mpango wa kuzuia umeme usikatike, walioandika majina yao kwenye karatasi iliyobandikwa hadharani walikuwa karibu mara tatu ya walioandika namba tu, zisizowatambulisha.

Hatari iko hapa: kapu likijaa, kiongozi huamini wananchi wanautaka mradi, kumbe huenda wamekwepa aibu tu. Macho ya watu huongeza mchango, lakini humnyima mtunga sera habari anayoihitaji kuliko fedha zenyewe, yaani watu wanathamini nini wakiwa peke yao.

Kenya iliyaona haya kwa uchungu mwaka 1988. Katika mchujo wa wagombea wa KANU, chama pekee wakati huo, kura ya siri iliwekwa kando, watu wakapanga mlolongo nyuma ya mgombea au wakala wake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa. Ukisimama kwenye foleni mbele ya chifu na mwajiri wako, unachagua kwa moyo au kwa hofu? Malalamiko yalizidi, na Desemba 1990 wajumbe wa chama waliokutana Kasarani, Nairobi, waliufuta mlolongo. Harambee nayo ilitiwa mipaka: sheria ya maadili ya mwaka 2003 ilimkataza mtumishi wa umma kutumia cheo kumshinikiza mtu atoe.

Sisemi majina yasisomwe kamwe. Kwa kazi ambayo wote wamekwisha kukubaliana, kama kuzibua mtaro wa mtaa, sifa ni malipo ya haki. Kupima VVU ni jambo jingine kabisa. Huko faragha ndiyo inayomleta mtu kliniki.

Na kamati inayotaka kujenga zahanati ianze na sanduku lililofungwa na vikaratasi visivyo na jina: zahanati, kisima au daraja? Vihesabiwe mbele ya wote. Bahasha zije baadaye.