"Roho ameniambia, sihitaji mwalimu" – hebu tuongee hii maneno

Jumapili asubuhi ukipita Kondele, kule Kisumu, unasikia spika nne za makanisa manne, kila moja na nabii wake, na kwa nyumba kando ya barabara kuna kijana amechoka nao wote, siku hizi anafuata sauti ya ndani peke yake. Namwelewa. Ila kuna vitu tunachanganya.

Dhana: ukiwa na nuru ya ndani, mwalimu ni wa nini?

Watu wa hii story hupenda kutaja Quakers, wale Wakristo wanaoitwa pia Marafiki, na ni kweli, tangu George Fox kule Uingereza miaka ya 1650 wamefundisha kwamba kila mtu ana nuru ya Mungu ndani yake na hakuna haja ya kasisi kusimama katikati. Wamisheni wao ndio walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, 1902, na leo Kenya iko kati ya nchi zenye Quakers wengi zaidi duniani. Lakini si uende Kaimosi ujionee, kuna mapasta, kuna wazee, mikutano haiishi. Hata wale wa ng'ambo wanaoabudu kimya bila pasta, mtu akiwa na uamuzi mzito anaitiwa wenzake wachache wanakaa naye chini wanamuuliza maswali, maswali tu, ushauri hawatoi. Kumbe nuru ni yako lakini kuikagua ni kazi ya wengi.

Mimi mwenyewe niliwahi kufunga siku tatu nikasikia "acha kazi". Wazi kabisa. Nikampelekea dani (nyanya) yangu hiyo habari nikijua atashangilia, akaendelea kuchambua mboga zake za osuga, alafu akauliza, "Nyakwara (mjukuu wangu), hiyo sauti imewahi kukuambia kitu hutaki?" Nikanyamaza, maana hiyo kazi nilikuwa nimeichukia tangu Januari.

Dhana: wakubwa wa dini walijifundisha wenyewe.

Wapi. Buddha alipitia walimu wawili kabla awaache aende njia yake, na Paulo pamoja na ile nuru yote ya njia ya Dameski bado alipelekewa Anania.

Dhana: mwalimu haulizwi.

Hii sasa ndio inaua. Msitu wa Shakahola, Kilifi, 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndio wamwone Yesu. Na mwalimu si lazima awe mbaya hivyo ndio akosee, hata hapo Kaimosi 1927 watu waliposhukiwa na Roho, wakubwa wa misheni walikataa, wale watu wakasukumwa nje, wakaanzisha makanisa yao ya Roho.

Ukitaka mfano mzuri soma kwa Biblia habari ya Samweli na kuhani Eli. Mtoto anaitwa usiku, anakimbia kwa mzee mara tatu akidhani ni yeye, na mzee hasemi "niachie mimi nitakutafsiria", anamwambia rudi ulale, ukiitwa tena itika. Sauti ni ya Samweli, lakini bila Eli angekimbia hapo usiku kucha. Na ujumbe wenyewe ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe, asubuhi akamshika kijana akamwambia usinifiche hata neno moja, akasikia yote, akakubali. Sasa wewe jaribu kumpelekea mtumishi wako ujumbe kama huo, uone kama jioni utakuwa bado kwa grupu ya WhatsApp.